Zizi la Kadi Thelathini na Mbili

Archange alishuka Kalembe siku ya soko akiwa amefunga blanketi mgongoni kama mama mzazi, na watu wakampisha njia kwa heshima. Mama Mukashema wa ndizi, mtu mwenye huruma, akamwuliza:

"Papa, mutoto iko na miezi ngapi?"

"Hajatimiza mwaka, mama. Lakini anasema luga zote."

Ndani ya blanketi hapakuwa na mtoto. Kulikuwa na kisanduku cheusi cha bati, chenye vijishimo thelathini na viwili vya kutia kadi za simu, na juu ya kila kijishimo taa ndogo kama jicho la panya. Kisanduku kilikuwa mali ya Camille, mwenzake wa Goma, ambaye naye alikipata kwa namna ambayo hatutaichimba. Camille alikuwa amesinzia kidogo tu baada ya chakula, na Archange hakuwa mtu wa kumwamsha mwenzake bure.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili. Vita vilikuwa vimebadilisha jina tena, kama mtu anayehama parokia, na barabara zilikuwa na baryeri, vizuizi vya askari, nyingi kuliko madaraja. Mashirika ya msaada yalikuwa yamefunga mizigo yao yakaenda, na juu ya nyumba moja ya Kalembe yaliacha sahani kubwa nyeupe ya intaneti iliyolala ikitazama mbingu. Kunguru walikuwa wakinywea humo maji ya mvua. Dereva mmoja wa shirika alikuwa amemwambia Archange, chupa ya tatu ikiwa mezani, kwamba intaneti ya sahani ile ilikuwa imelipiwa hadi Krismasi, na wakubwa katika mbio zao hawakukumbuka kuizima.

Hiyo ilikuwa bahati ya kwanza. Ya pili Archange aliiona alipogeuza shingo. Kwenye kimwinuko nyuma ya soko, mahali rezo, mtandao wa simu, iliposhika vizuri, wanawake wa maziwa kama thelathini walikuwa wamesimama, mikono juu, kila mmoja na simu yake. Hawakuwa wanaongea. Walikuwa wanabipa. Simu inalia mara moja, unakata: maziwa yamefika. Mara mbili: mnunuzi hajaja. Mara tatu: askari wako njiani, geuza na bidoni zako, madumu ya maziwa. Kwa kubipa tu walikuwa wameendesha biashara, wamepanga arusi mbili na kuokoa mbuzi wa kijiji kizima, na kampuni ya simu haikuwahi kuramba hata yunite moja ya salio kutoka kwao.

"Maskini hawa," akasema Archange moyoni, akaanza kuhesabu simu.

Alihitaji mambo matatu: sahani, moto wa umeme, na kadi. Sahani na moto vilikuwa kwa Papa Mumbere, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Aliuza sabuni, chumvi na misumari, na nyumba ile ya shirika alikuwa ameigeuza stoo ya maharagwe. Alikuwa na jenereta, na kwenye mkono wa jenereta alikuwa ametundika rozari, maana mashine ile haikuwaka kwa mafuta peke yake.

"Papa Mumbere," akaanza Archange, akifunua blanketi taratibu, "simu na intaneti ni bantu babili. Simu njo muzee wa kijiji, mukali sana. Haachie muntu aingie kwake bila hodi. Mbele sauti ipite, kuko mujumbe anakimbia kwanza: 'Yule muntu iko? Simu yake inawaka? Atanisikia?' Mujumbe akirudi na ndiyo, njo sauti inapita."

"Na intaneti?"

"Intaneti njo bibi-arusi wa Ulaya. Anakata sauti vipande-vipande kama sombe, yale majani ya muhogo, anaitupa mu hewa, vipande vinakutana mbele. Na yeye iko na bajumbe bake, lakini banasema luga ingine. Bakifika kwa muzee, muzee anasema: simujue huyu."

"Sasa hii?" Papa Mumbere alikigusa kisanduku kwa kidole kimoja.

"Hii njo mukalimani. Mutoto anaita toka Bruseli kwa intaneti. Kisanduku inashona sauti, inatuma mujumbe mu luga ya muzee, na mama yake kule Mweso anaona namba ya hapa hapa, kama jirani njo anaita. Ile ushuru kubwa ya mupaka, kampuni haiione."

Papa Mumbere alijikuna kidevu. "Ni kusema iko wizi."

"Papa! Iko ndoa."

"Kama ni ndoa," akasema Papa Mumbere, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa amesimamia kila arusi ya parokia, "mimi niko nani ndani?"

"Musimamizi."

"Na musimamizi anakula wapi?"

"Mbele ya bote."

Maharagwe yalihamishwa siku hiyo hiyo.

Zilibaki kadi. Kule Goma Archange alikuwa amezika kadi kama vifaranga: kila moja iliishi siku tatu. Kampuni ina macho. Ikiona kadi inaita kutwa nzima lakini yenyewe haiitwi, haitembei, haibipi mtu wala haibipiwi, inasema huyu si muntu, inaikata. Archange alihitaji kadi zenye wenyewe, kadi zenye ndugu na majirani na maneno ya watu. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata alipanda kimwinuko cha rezo, shati limepigwa pasi, akasimama mbele ya Mama Daphrose.

Mama Daphrose alikuwa mwanamke wa Bihambwe. Alikimbia vita na ng'ombe tisa, akafika Kalembe na wanne, na wauza maziwa wote walimsikiliza yeye. Alikuwa mrefu, kitenge chake kilikuwa na miavuli ya manjano, na aliongea polepole kama mtu anayemimina maziwa bila kutaka povu.

Archange alieleza. Kadi zingelala kwenye kisanduku mwezi mmoja, zingenenepa, zingerudi zimejaa yunite.

"Kadi inakula nini?" akauliza Mama Daphrose.

"Intaneti, mama."

Mmoja akakohoa. Mwingine, Agathe, mnene na mcheshi, akaanza kuangalia bidoni zake kama anayetaka kuondoka. Archange aliona samaki anateleza, na hapo ndipo likamjia lile wazo tamu ambalo ingekuwa afadhali lingempita.

"Mama, chukueni kama vile munaragiza ng'ombe!"

Neno hilo alikuwa amelisikia mara moja kwa dereva wa pikipiki. Alidhani maana yake ni kumpa mtu ng'ombe wako, kisha kwenda nyumbani kulala. Nusu ya maana ni hiyo kweli. Mchungaji anamchunga ng'ombe wa mwenzake na maziwa anakunywa yeye. Nusu ya pili ni ndefu zaidi, na watu wa malisho ya Masisi wanaijua tangu hawajaota meno.

Wanawake walitazamana. Mama Daphrose akanyoosha mkono, akapewa kibuyu cha maziwa ya kuganda.

"Kunywa."

Archange akanywa yote, akajipangusa mdomo kwa kiganja. Kasoki, mke wa Papa Mumbere, alikuwa amesimama pale na kapu lake la sabuni.

"Umekunywa?" akauliza Mama Daphrose.

"Nimekunywa, mama, na ilikuwa tamu."

"Mumeona?"

"Tumeona," wakajibu Kasoki na wenzake, kwa sauti ya watu wanaoitika kanisani. Archange alifurahi kuona jinsi walivyo wakarimu.

Kadi zikatolewa, thelathini na mbili. Kila mwanamke alibaki na simu yenye kadi ya pili, ile ya kubipia. Mama Daphrose alitoa yake mwisho, akaishika kidogo kabla ya kuiachilia.

"Hii, mutoto wangu Umulisa njo anajua namba yake ku kichwa. Siku ile tulitawanyika Bihambwe hakubeba kitu, alibeba namba. Iko mu kambi kule Uganda. Kila siku ya ine anabipa mara mbili: iko muzima. Simu yangu inazimika siku na siku juu ya kukosa moto, ninakaa sijue. Kwako taa inawaka siku yote. Akibipa, utaniambia. Hii ikipotea, hana njia ingine ya kunipata."

"Ninaapa kwa kaburi la mama yangu," akasema Archange. Mama yake alikuwa Bukavu, mzima kabisa, akiuza mikate.

Kadi ile akaitia kijishimo cha saba.

Ndoa ikafungwa. Jenereta ikanguruma, kunguru wakaacha sahani yao kwa matusi, na sauti za Bruseli, za Montreali na za Johanesibagi zikaanza kushuka kwenye stoo iliyonukia maharagwe, zikatoka kwa kadi za wauza maziwa. Mchango wa wateja wa mbali ulimfikia Archange kwa njia zake mwenyewe, na Papa Mumbere, aliyekaa mbele ya wote, alipewa ahadi kila jioni.

Ajabu ni wanawake. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na dakika kumi, walipanda kimwinuko na kila mmoja akabipa kadi yake mwenyewe ndani ya kisanduku. Taa zikawaka moja moja, kijani, kama mahindi yanayochipuka.

"Munafanya nini, bamama?"

"Tunatembelea ng'ombe," akasema Agathe. "Muntu haachie ng'ombe wake bila kumuamukia."

Archange alicheka mpaka akakaa chini. Bila kujua, wajinga hawa walikuwa wakimfanyia kazi ambayo hata Camille hakuweza: kadi zilikuwa zinabipiwa! Kampuni ilichungulia, ikaona watu. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu, na hakuna kadi hata moja iliyokufa. Na Jumamosi walikuja wenyewe na majani makavu laini, wakapangusa vumbi mgongoni mwa kisanduku, toka mbele kwenda nyuma, kama anavyopanguswa ng'ombe.

Siku ya nne ya kila wiki, taa ya saba iliwaka mara mbili, ikazimika. Archange akashuka sokoni kumwambia Mama Daphrose. "Mara mbili, mama." Naye akajibu, "Aksanti, muchungaji," halafu akaendelea kupima maziwa, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi siku nzima. Tusimwonee Archange: wiki ya tatu alijikuta ameacha uji wake upoe, amekaa mbele ya taa ya saba, anaingoja. Akajikemea.

Kisha Mama Daphrose akamwita pembeni.

"Muchungaji, muntu wa Mweso anasema namba yangu ilimuita, na ndani kulikuwa sauti ya kijana wake wa Bruseli."

"Ilikuwa inaota, mama. Kadi ikinenepa inaota."

"Ao inatoa maziwa?"

"Eh... kidogo tu."

"Maziwa ni ya kwako. Nani alikukatalia?" Akaondoka. Archange akapumua. Siku hiyo hiyo, kwenye simu yake, ukaingia ujumbe kutoka kwa Camille, mfupi sana: *Nimeamka. Ninakuja.*

Basi ilibidi kuondoka. Bukavu kulikuwa na watu ambao wangempokea kwa mikono miwili mtu mwenye kisanduku na kadi thelathini na mbili zilizozoea kuishi kama watu. Kadi za namna hiyo hazipatikani. Kwamba kampuni siku moja ingezikata na kuwatafuta wenye majina, hilo lingekuwa jambo la wenye majina. Papa Mumbere aliambiwa kwamba ndoa bado haijabarikiwa na ukoo wa kisanduku kule Goma, na ukoo hauendewi mikono mitupu. Akatoa maviringo manne ya jibini, ya mviringo mzuri, ya Masisi, akatoa na mafuta ya pikipiki, akiuliza kama musimamizi hatakiwi kuwapo.

"Ukoo uko na haya," akasema Archange.

Ilikuwa siku ya nne, saa kumi na mbili kamili ya asubuhi. Alichomoa waya. Taa zote zikafumba. Akaweka kidole kwenye kijishimo cha saba, akaibonyeza kadi mpaka ikatoka nusu. Halafu akafikiri kwamba tundu tupu linaonekana vibaya, kama pengo la jino, akairudisha ndani, akafunga blanketi mgongoni.

Dereva wake alikuwa Valens, baba wa watoto watano, mpole. Njia kuu ilikuwa na baryeri za askari, kwa hiyo wakashika ya malishoni, ya kwenda Bihambwe.

Saa kumi na mbili na dakika kumi Mama Daphrose akabipa ng'ombe wake. Yule mwanamke wa kampuni akamwambia kwa Kifaransa kizuri kwamba namba haipatikani. Akabipa wa Agathe: haupatikani. Akabipa wa tatu. Hakupiga kelele. Alitazama matope ya barabara, akaona gurudumu limeelekea wapi, akainua simu. Saa ile, kabla ya maziwa, kubipa ni habari ya ng'ombe aliyepotea: mara moja ingekuwa Buleusa. Alibipa mara mbili: Bihambwe. Waliobipiwa wakabipa walio mbele yao. Hakuna sauti iliyopita, hakuna yunite iliyokatwa. Ni wale wajumbe tu, wale wanaotangulia sauti, waliokimbia mlima hadi mlima, na pikipiki ya Valens ilikuwa bado inapanda mlima wa kwanza.

Simu ikalia mfukoni mwa Valens, mara mbili, ikanyamaza.

"Nani huyo?" akauliza Archange.

"Bibi yangu. Anapenda kubipa."

Mwendo kidogo, pikipiki ikakohoa, ikasimama. "Bujia," akasema Valens kwa huzuni, akigusa plagi ya injini. Kando ya njia walikuwa wamekaa wanawake wawili na bidoni zao.

"Muchungaji! Ng'ombe baliamuka aje?"

"Baliamuka muzuri," akajibu Archange, akitazama kando.

Bujia iliharibika mara tatu, na mara zote tatu iliharibika mbele ya wauza maziwa. Mara ya tatu Valens aliifungua, akaipuliza, akaipangusa kwa shati, akaieleza maisha yake. Pikipiki nyingine zikawapita kwa kasi, nyuma ya moja miavuli ya manjano ikipepea.

Walipofika juu, pale Bihambwe inapoanza kuonekana, njia ilikuwa imefungwa kwa bidoni, zimepangwa vizuri, toka ukingo hadi ukingo. Juu ya moja alikuwa amekaa Mama Daphrose akifuma kifuniko cha kikapu. Agathe alikuwapo, na Kasoki, na Mama Mukashema wa ndizi, na watu wengi wa pale, ndugu wa Daphrose.

"Muchungaji, unahamisha ng'ombe?"

"Ninabapeleka ku malisho, mama. Goma kuko majani."

Hata Valens alicheka.

"Mwenye kuhamisha ng'ombe wa bantu bila kusema," akasema Mama Daphrose bila kuacha kufuma, "amemurudisha. Si mimi. Njo vile iko, toka zamani. Ulikunywa maziwa, balikuona."

"Tuliona," akasema Kasoki.

Archange alifanya hesabu upesi. Kadi zinaumiza kupoteza, lakini kisanduku ndicho mali. "Sawa!" akasema kwa ukarimu, akifungua blanketi. "Chukueni kadi zenu, tuachane kwa amani."

"Na ndama?"

"Ndama gani?"

"Anauliza ndama gani," Agathe akawaambia watu, na watu wakatikisa vichwa.

"Mama, hii kisanduku nilikuja nayo!"

"Ulikuja na nini?" Mama Mukashema akasogea mbele, mkono kiunoni. "Mimi njo nilikuuliza mbele ya soko yote. Ulisema iko mutoto, hajatimiza mwaka."

"Na alifika na njaa," akasema Mama Daphrose. "Hakukuwa na kadi hata moja ndani. Amenyonya ng'ombe wetu mwezi muzima, amenenepa, anaongea luga zote. Ndama anaonyonyeshwa na ng'ombe wangu analala mu zizi langu."

"Nitaenda ku polisi!"

"Enda," akasema Kasoki kwa upole. "Utabaeleza iko nini, na inafanya nini."

Archange akajaribu kichwani maelezo ya kwanza, kisha ya pili. Akakitua kisanduku chini.

Wakazitoa kadi palepale juu ya kitenge. Mama Daphrose akatia yake kwenye simu, akaiwasha, akaiweka juu ya goti. Maviringo ya jibini yalikuwa yamepatikana, na kisu nacho, na baraza lilikuwa linatafuna likibishana kama mchungaji arudishwe Kalembe kwa miguu au atiwe kwenye mto kwanza. Agathe alikuwa upande wa mto.

Simu ikalia juu ya goti. Ikanyamaza. Midomo ikaacha kutafuna.

Ikalia tena. Ikanyamaza.

"Mara mbili, mama," akasema Archange. Ilimtoka tu, kwa mazoea.

Wote wakamtazama. Mama Daphrose akaichukua simu kutoka gotini.

"Uliihesabu mbele mimi niihesabu," akasema. "Haya. Mutoni kuko baridi. Turudi naye. Ndama anamujua, na sisi hatujue kumuwasha."

Hivyo ndivyo Archange alivyorudi Kalembe na blanketi mgongoni, safari hii akiwa mchungaji kweli: chakula, maziwa, na mkeka mahali palipokuwa magunia ya maharagwe. Mara mbili alijaribu kutoroka. Kila dereva aliyemwendea, kabla hawajaelewana, simu yake ililia kidogo mfukoni, na bujia yake ikawa mbovu.

Bruseli sasa iliita kwa faida ya wenye ng'ombe. Papa Mumbere alitangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Akabaki kuwa musimamizi, na sasa alikula mwisho. Lakini sauti ya kwanza ya zizi jipya ilikuwa ya Mama Daphrose, wote walikubaliana. Archange alikesha siku mbili akitafuta jinsi, mpaka Umulisa akaketi kwenye intaneti ya kambi na sauti yake ikakatwa kama sombe, ikashonwa, ikatoka kwenye simu ya mama yake. Waliongea dakika arobaini. Walioegemea ukuta kusikiliza walidhani watasikia mambo makubwa. Walisikia habari ya sufuria ambayo jirani wa kambini aliazima na hairudishi, na Mama Daphrose akifundisha, neno kwa neno, namna ya kwenda kuidai. Archange aliangalia taa ya saba, akasema macho yake yanaumwa na moshi wa jenereta.

Camille alifika siku ya soko. Miwani myeusi, viatu vyenye ncha, tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Alimwona mwenzake mlangoni akipangusa vumbi mgongoni mwa kisanduku kwa majani makavu, toka mbele kwenda nyuma, akadhani amepata kichaa, akafurahi. Akawageukia wanawake.

"Bamama, mimi njo mwenye mashine. Lakini hatutagombana. Niko na ingine Goma, kubwa, ya kadi mia moja na makumi mbili na nane. Muniamini tu, ninaileta, tunaweka pamoja."

"Eh," akasema Mama Daphrose. "Ni kusema unataka kuragiziwa."

"Njo vile kabisa!" akasema Camille.

Kasoki akasogea karibu na kapu lake la sabuni. Agathe akaacha bidoni zake. Mama Daphrose akanyoosha mkono, akapewa kibuyu.

Archange alitaka kumkonyeza. Kwa kweli alitaka. Walikuwa wametoka mbali. Lakini alikumbuka mkeka ule mmoja, maharagwe ya kila siku, na jenereta inayotaka mtu wa kuivuta asubuhi wakati yeye amelala. Akainama, akapangusa vizuri pembe ya kisanduku ambayo haikuwa na vumbi.

Nyuma yake akamsikia Camille akinywa mpaka tone la mwisho, akijipangusa mdomo, akisema ilikuwa tamu.